Ndege wa Novemba shambani kwa babu: wageni, au wenyeji waliobadili nguo?

Msomaji mmoja wa Hombolo, hapa Dodoma, ameuliza hivi:

"Shikamoo mzee. Nafundisha shule ya msingi, na mwisho wa wiki nakaa kwa babu, si mbali na bwawa. Nimenunua darubini ya mtumba. Kila mwaka ikifika Novemba shamba letu linajaa ndege ambao Septemba siwaoni kabisa. Babu anasema ni ndege wa mvua, wao ndio wanaileta. Mjomba anasema wanatoka Ulaya, wanakimbia baridi. Mimi nahisi wapo mwaka mzima ila wamejificha. Nani yuko sahihi? Na kwa kuwa nina asubuhi moja tu kwa wiki, niitumieje? Babu mwenyewe anasema ndege ni wa kuamia, yaani kufukuzwa shambani, si wa kutazama."

Marahaba, mwalimu. Jibu langu ni kwamba wote watatu mko sahihi, kila mmoja kwa ndege wake. Novemba shamba moja la Hombolo linakutanisha makundi matatu tofauti, na kila mmoja wenu ameshika kundi lake akadhani ndilo lote.

Nianze na mjomba. Wakati sisi tunatazama mawingu, Ulaya na Siberia siku zinafupika, majani yanapukutika na wadudu wanatoweka. Ndege anayeishi kwa panzi na nzi hasubiri theluji imkute. Vitabu vingi huyaita majira hayo "vuli", na jina hilo humchanganya mtu wa Dodoma. Vuli ya pwani na ya kaskazini mwa nchi yetu ni zile mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na sisi huku hatuna hata hizo. Tuna msimu mmoja, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, basi. Kwa hiyo ukisoma kwamba Wazungu wanaamka alfajiri wakati wa vuli kwenda kuhesabu ndege, ujue wanahesabu wanaoondoka. Wewe umesimama upande wa pili wa safari ileile.

Mgeni ninayempenda kuliko wote ni mbwigu mgongo-mwekundu. Mtafute kwenye mashamba ya mizabibu, pale wakulima walipovuta waya kati ya nguzo, au kwenye ncha ya mwiba uliotoka peke yake juu ya kichaka. Anapenda kukaa wazi. Dume ana kichwa cha kijivu, utepe mweusi uliopita machoni, mgongo wa rangi ya chungu kilichochomwa kikaiva, na kifua cheupe chenye wekundu wa mbali. Novemba iliyopita nilikaa chini ya mgunga nikimwangalia mmoja kwa karibu saa nzima. Alikuwa akitazama chini tu. Mkia wake ulikuwa ukizunguka polepole, kama mtu anayefikiri, halafu ghafla akadondoka kwenye mchanga na kurudi kwenye waya uleule na panzi mdomoni. Alimgonga panzi kwenye waya mara tatu, miguu ikadondoka, kisha akammeza. Ndege huyo ana uzito wa gramu 30 hivi, hafikii yai la kuku wa kienyeji, na amekuja kutoka Ulaya au magharibi ya Siberia akiruka usiku, peke yake. Kinda aliyezaliwa Juni mwaka huuhuu anaifanya safari hiyo bila mzazi kumwonyesha njia. Mwelekeo amezaliwa nao.

Kuna mwingine mdogo wa ardhini, anayekimbia hatua chache kwenye uwanja mtupu, anasimama wima, anatingisha mkia. Akiruka unaona kiuno cheupe kabisa, na mkiani alama nyeusi kama herufi T iliyogeuzwa juu chini. Ndege wa aina hii huzaliana Ulaya, Asia, na hata Alaska, kule mwisho wa Marekani. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wale wa Alaska kwa vifaa vidogo walivyofungwa mgongoni: walivuka Asia yote kuja kukaa Afrika Mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 14,000 kwa upande mmoja. Gramu 25 za manyoya na misuli. Siwezi kukuambia huyo wa shambani kwenu katoka wapi kati ya huko kote, lakini nikimwona huwa nakaa kimya kidogo.

Na mbayuwayu, bila shaka, wale wenye koo jekundu. Ukiwaona Novemba wamejipanga kwenye nyaya za umeme na mikia yao mifupi, usidhani ni aina nyingine. Wanabadilisha manyoya, na yale marefu ya mkia hayajaota. Hapo pana kanuni moja itakayokusaidia sana: wageni wa kaskazini hawajengi viota huku. Mbayuwayu unayemkuta chini ya kalavati akibandika udongo, kiota chenye mlango mrefu kama shingo ya chupa, huyo si mgeni wa Ulaya. Ana michirizi kifuani. Ni wa hapahapa Afrika.

Kama mjomba atataka ushahidi, mpe kisa cha korongo mweupe. Zamani Wazungu wenyewe hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Wapo waliosema mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi umepita shingoni. Walipouchunguza mkuki wakakuta ni wa Afrika. Ndege alikuwa amechomwa huku akarudi nao hadi kwao. Mpaka leo anatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Makorongo hao bado wanakuja, wengi kutoka mashariki ya Ulaya, wakizunguka kupitia mlango-bahari wa Bosporus huko Uturuki na rasi ya Sinai huko Misri badala ya kukata bahari, kwa sababu wanapaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo haipo.

Sasa babu. Babu anazungumzia korongo mwingine, na hapa nakuomba usimbishie kwa sababu tu umesoma. (Nikisema korongo leo nina maana ya ndege, si korongo la mchanga tunalochotea maji, ingawa utawakuta ndege hawa hukohuko.) Ni mdogo kuliko yule mweupe. Kwa mbali ni mweusi mwenye tumbo jeupe. Ukimleta karibu kwa darubini utaona mengi zaidi: uso wake hauna manyoya na una rangi ya buluu, miguu ni ya kijivu lakini magoti na nyayo ni nyekundu, na jua la asubuhi likimpiga mgongoni weusi wake unageuka zambarau na kijani. Huja kwa makundi, wakitembea shambani kwa mstari mpana kama watu wanaopalilia, kila mmoja akiokota nzige na viwavi mbele yake.

Huyu hatoki Ulaya. Anazaliana kwenye ukanda wa Saheli, kuanzia Senegali hadi Ethiopia, mvua za huko zinaponyesha kati ya Mei na Agosti. Mvua ikiisha kule, anavuka ikweta kuifuata ikija kwetu. Ukanda wa mvua wa Afrika hutembea pamoja na jua, kaskazini katikati ya mwaka, kusini mwisho wa mwaka, na korongo huyu anatembea nao. Sudan nako, anapofika kutoka kusini, watu humpokea kama mleta mvua, na humwacha ajenge juu ya paa za nyumba zao. Yaani babu wa Hombolo na babu wa Sudan, ambao hawatakutana kamwe, wanasoma ishara moja kwenye ndege mmoja, na wote wanasoma vizuri. Kama ni kuileta au kuifuata, hilo ni la kuzungumza jioni. Kwa mkulima anayetaka kujua kama atayarishe mbegu, ndege kafika, inatosha.

Katika kundi hili la babu wamo pia kekeo wanaoita mchana kutwa, na mdiria wa buluu wa porini, ambaye hahitaji mto wala samaki. Wanahama ndani ya Afrika tu. Tofauti na mbwigu, hawa wanaofika na mvua wengi wao huja kuzaliana, ndiyo maana wana kelele. Mgeni wa Ulaya huku yuko kimya zaidi.

Siku ya kumbikumbi ndiyo siku ya kuacha kila kitu. Mvua ya kwanza ikinyesha usiku, kesho yake mapema toka nje. Utaona mwewe wakizunguka chini chini, na juu yao kozi wadogo wembamba wenye miguu ya rangi ya chungwa iliyokolea, wakishika kumbikumbi kwa kucha na kula palepale hewani. Hao ni kozi wa Amur. Wanatoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, wanapita India, halafu wanaikata Bahari ya Hindi bila kutua, kilomita 3,000 hivi za maji matupu, na kuendelea hadi kusini mwa Afrika. Wakati wanapita kwetu, mchwa nao wanatoa mabawa. Nimewaona zaidi ya mia moja juu ya kichuguu kimoja upande wa Msalato, na watoto chini yao na mabeseni, wote wakigombania chakula kilekile.

Limebaki lako: kwamba wapo siku zote, wamejificha. Umekosea neno moja tu. Hawakujificha, walivaa nguo nyingine. Mwaka wangu wa kwanza nilianza kutazama ndege baada ya mvua kushika. Nikaandika wageni zaidi ya ishirini, nikafurahi sana. Baadaye niligundua kwamba sehemu kubwa ya "wageni" wale walikuwa wakizunguka kwenye majani makavu tangu Julai, wa rangi ya kahawia, mfano wa shomoro jike, na sikuwa nimewapa hata dakika. Dume la fumbwe, yule mwenye mkia mrefu mweusi unaomvuta nyuma kama kanzu isiyomtosha, wakati wa kiangazi hana mkia huo. Mnana dume hana unjano ule mkali. Mvua inapokuja wanabadilisha manyoya kwa ajili ya kuoa, na mtu asiyewajua anaapa ni ndege wapya.

Ndiyo maana nakwambia, mwalimu, kazi yako ya kwanza si kuwatafuta wageni. Ni kuwajua wenyeji kabla mvua haijafika. Mgeni utamtambua siku ileile akitua, kwa sababu tu unawajua wote waliokuwapo jana. Anza Septemba, hata kama kila kitu ni vumbi na upepo, na uende mahali palepale. Usizunguke wilaya nzima. Chagua kipande cha kilomita moja au mbili: mbuyu wa babu, mizabibu, korongo la mchanga, ukingo wa bwawa. Kinatosha kwa maisha yote.

Na wenyeji wako, nikuambie ukweli, watu wanapanda ndege kutoka mabara mengine kuja kuwaona. Kwenye matundu ya mibuyu mna cherero shingo-njano, kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Asili yao ni Tanzania tu. Walioko Dar es Salaam na Nairobi ni kizazi cha waliotoroka au kuachiwa kutoka vizimbani. Jike hubeba vijiti na maganda mdomoni kuingia tunduni, na humo ndani hujenga kiota chenye paa. Kuna kwezi wa kijivu, mwenye mkia mrefu na jicho jeupe linalokutazama kama anakudai. Naye hayupo nchi nyingine yoyote. Kuna hondohondo mdogo mwenye mdomo mwekundu na ngozi nyeusi kuzunguka jicho, ambaye wataalamu walimtenganisha kuwa aina ya pekee mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Makao yake ni nyanda hizi za kati. Jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti kwa kuuziba mlango, likabakiza upenyo mwembamba. Dume hulilisha kupitia hapo wiki kwa wiki. Ukimwona dume anarudi mara kwa mara kwenye shina lilelile na panzi mdomoni, kaa mbali utazame. Usisogee kuchungulia.

Asubuhi yenyewe iwe hivi. Novemba jua linachomoza saa 12 na dakika kumi hivi, nawe saa 12 kasorobo uwe umeshafika. Simama, usitembee. Dakika ishirini za kwanza ni za masikio: tetere, kwale, kanga wakishuka mitini. Jua likitoka liweke mgongoni, maana ndege aliye kati yako na jua ni kivuli tu, na watu wengi wamekosea hapo. Kufikia saa 3 joto limepanda na ndege wanarudi kivulini. Hapo hamia bwawani, kwa kuwa wa majini hawajali sana joto. Huko utakuta vitwitwi wakichokoa matope, na hao wageni wa kaskazini walianza kufika tangu Agosti. Usiingie majini ukawasogelea, kichocho si mchezo. Tai na korongo wanaopaa nao wanapatikana zaidi saa 4 au 5, ardhi ikishapata moto wa kuwainua.

Darubini yako ina namba, tazama karibu na kioo cha jicho. Ikiwa ni 8×42, inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, na hiyo ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Za kukuza mara 12 au 16 zinatetemeka mkononi na zinaonyesha eneo dogo. Kwa kuwa ni ya mtumba, ipime hivi: tazama ukingo wa paa la bati dhidi ya anga. Ukiona kingo mbili, au macho yakianza kuuma baada ya dakika moja, vioo vimepinda. Irudishe. Kosa la wanaoanza ni kumwona ndege, kuteremsha macho kutafuta darubini, kisha kuanza kumtafuta ndege upya. Macho yabaki kwa ndege, mikono ndiyo ilete darubini usoni.

Hili lichukue kwa uzito. Dodoma ni makao makuu ya nchi. Usielekeze darubini kwenye kambi ya jeshi, uwanja wa ndege wala upande wa Ikulu ya Chamwino, hata kama kozi mzuri ametua huko. Mweleze mwenyekiti wa mtaa unachofanya kabla hajaelezwa na mtu mwingine, na omba ruhusa kwa mwenye shamba.

Kuhusu kuamia, babu ana haki. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la milioni moja, ambalo si kubwa kwao, ni tani 10 kila siku. Familia inayoishi kwa mtama na uwele haiwezi kulitazama kundi hilo kwa mapenzi. Lakini mwambie kwamba Novemba si mwezi wa kwelea. Mvua za kwanza zikiotesha mbegu za nyasi, chakula chao kinageuka majani, hivyo wanalazimika kuruka juu ya ukanda wa mvua kwenda kule ilikonyesha mapema zaidi, na watarudi nafaka zikianza kujaa. Hapo weka darubini chini ushike manati ya babu. Novemba ni yako.

Beba daftari, si simu tu, kwa sababu chaji huisha. Andika tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, hali ya hewa, kila ndege na idadi. Usiyemjua mchore: mdomo, mkia, alama za uso, alichokuwa anakula. Andika hata siku usiyoona kitu. Baadaye unaweza kuingiza kumbukumbu zako kwenye eBird, tovuti ya kukusanya kumbukumbu za ndege, bure, zikawafaa watafiti. Wataalamu wakubwa wanapita Hombolo siku moja wakaondoka. Tarehe ambayo mbwigu wa kwanza ametua kwenye waya wa mizabibu ya jirani yako hawana. Aliye mahali hapo kila wiki ndiye pekee anayeweza kuwa nayo.

Kwa hiyo ninachokuomba ni tarehe mbili msimu huu: ya mbwigu wa kwanza, na ya mvua ya kwanza ya kupandia. Babu akikumbuka za miaka ya nyuma, hata kwa kusema "mwaka ule wa njaa walichelewa", andika maneno yake kama alivyoyasema. Mwishoni mwa Machi na Aprili mbwigu watapita tena wakirudi kaskazini, wakiwa wamevaa manyoya mapya. Nenda wiki hizo zote uandike na tarehe ya wa mwisho.